Jipe Zawadi Badala ya Kujiadhibu: Njia ya Kutimiza Ulichojipangia

Mwanzoni mwa msimu wa palizi tuliuliza hewani maswali mawili. La kwanza lilikuwa hili: ukishindwa kufanya ulichojipangia, unajifanyia nini? Simu zilimiminika. Mkulima mmoja alisema siku asiyomaliza ngwe yake hujinyima chakula cha mchana. Kijana wa bodaboda alisema hujitoza faini ya shilingi 2,000 kila siku anayoshindwa kuweka akiba. Mama anayeuza vitumbua alisema, "Mimi najisema mwenyewe mpaka nalia."

Swali la pili lilikuwa: na ukifaulu, unajifanyia nini? Simu zikanyamaza. Tulipiga muziki, tukarudi, tukauliza tena. Aliyepiga hatimaye alicheka. "Nikifaulu? Si nimefanya wajibu wangu tu?"

Tumeandika makala haya kwa sababu ya ukimya ule. Wengi wetu tunajua kujiadhibu, lakini kujituza hatujui, na wengine tunaona ni utoto au ubadhirifu. Hapa tunaeleza kwa nini zawadi ndogo unayojipa mwenyewe mara nyingi hukufikisha mbali kuliko faini au matusi unayojipa, tafiti zimeonyesha nini, na jinsi ya kuanza hata kama mfukoni huna kitu.

Zawadi na adhabu ni nini?

Katika makala haya, zawadi ni kitu chochote unachokipenda ambacho unajipa baada tu ya kufanya kazi uliyojipangia. Kinaweza kuwa kikombe cha chai, nusu saa ya kucheza bao, kipande cha nyama au shilingi 500 kwenye kibubu chako.

Adhabu ni maumivu au hasara unayojipa kwa sababu hukufanya. Kujitoza faini ni adhabu. Kujinyima chakula ni adhabu. Na kujiambia moyoni "mimi ni mvivu, sina maana" ni adhabu pia, tena ndiyo tunayoitumia sana kwa kuwa haigharimu hata senti.

Wazee walilijua hili zamani. Walisema chanda chema huvikwa pete, na wakasema mchumia juani hulia kivulini. Angalia methali hii ya pili: kivuli kipo, lakini kinakuja baada ya jua. Mpangilio huo, kazi kwanza halafu kivuli, ndio msingi wa yote tutakayoeleza.

Kwa nini adhabu ya kujipa mwenyewe haidumu

Sababu ya kwanza ni kwamba wewe ni polisi na wewe ni mtuhumiwa. Kijana wa bodaboda tulipomuuliza faini zake amezilipa mara ngapi, alikiri kwamba amelipa mara tatu tu tangu mwaka uanze. Siku nyingine zote alijisamehe kimyakimya: mvua ilinyesha, abiria walikuwa wachache, kesho nitalipa mbili. Polisi anayekula na mtuhumiwa sahani moja hamfungi.

Sababu ya pili ni kwamba adhabu hukufanya uikimbie kazi yenyewe. Mtu anayejitukana kila akifungua daftari la akiba ataacha kufungua daftari. Anayejinyima chakula kwa sababu ya shamba ataanza kulichukia shamba. Kazi na maumivu vinafungwa pamoja kichwani, na sisi binadamu tunakwepa panapouma.

Sababu ya tatu ni kwamba adhabu inazuia, haifundishi. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alieleza jaribio moja katika kitabu chake cha mwaka 1938. Panya waliokuwa wamezoea kubonyeza kitufe ili wapate chakula walipigwa miguuni kila walipobonyeza. Mara moja walipunguza kubonyeza. Lakini kipigo kilipokoma walirudi kubonyeza, na mwishowe walifikisha idadi ileile ya wale ambao hawakupigwa kabisa. Kipigo kilikuwa kimeahirisha tabia, hakikuiondoa.

Sababu ya nne ilitukuta sisi wenyewe. Hapa studio tuliwahi kuwa na daftari la faini: ukichelewa kikao cha asubuhi unalipa shilingi 1,000. Wiki mbili za kwanza tuliwahi. Wiki ya tatu mmoja wetu alifika jioni, akaweka noti mezani na kusema, "Hii ya kesho, nitachelewa." Tulicheka, lakini faini ilikuwa imekufa siku ile. Ilikuwa imegeuka nauli: unalipa, unapita.

Baadaye tuligundua kwamba jambo hilo limechunguzwa. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, nchini Israeli, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Vituo 6 kati ya hivyo vilianza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto. Wachelewaji hawakupungua. Waliongezeka hadi karibu mara mbili, na faini ilipofutwa waliendelea kuchelewa vilevile. Aibu ya kumchelewesha mwalimu ilikuwa imebadilishwa kuwa bei, na bei ikilipwa aibu inaisha.

Walipolinganisha zawadi na faini

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Michael Mahoney na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa na watu 53 waliotaka kupunguza uzito. Washiriki waliweka amana ya pesa. Kundi moja lilijipa pesa kila lilipofanya vizuri. Jingine lilijitoza faini liliposhindwa. La tatu lilifanya yote mawili, la nne lilijipima na kuandika tu, na la tano lilipewa maelezo pekee. Baada ya wiki 4, waliojituza walikuwa wamepungua uzito kuliko waliojipima tu na kuliko waliopewa maelezo. Waliojitoza faini hawakuonyesha faida hiyo.

Jaribio kubwa zaidi lilitangazwa mwaka 2015, Marekani, likiwahusu watu 2,538 waliotaka kuacha sigara. Wengine walipewa nafasi ya kupata zawadi ya pesa wakiacha. Wengine walitakiwa kwanza kuweka dola 150 zao wenyewe, na kuzipoteza wakishindwa. Mpango wa zawadi ulikubaliwa na watu 90 katika kila 100. Ule wa kuweka pesa rehani ulikubaliwa na watu wapatao 14 tu katika kila 100. Baada ya miezi 6, katika waliopangiwa zawadi asilimia 15.7 walikuwa wameacha kweli, na katika waliopangiwa amana asilimia 10.2. Waliopewa msaada wa kawaida walikuwa asilimia 6.

Lakini lipo jambo la kuongeza ili tuwe wakweli. Wale wachache waliokubali kuweka pesa zao rehani walifanya vizuri sana. Hofu ya kupoteza ina nguvu, ila watu wengi hawaingii mlango huo kabisa. Na ukiwa peke yako nyumbani, bila mtu wa kukushikia hizo pesa, mlango huo una tundu kubwa la kutokea.

Zawadi ya leo na faida ya mwaka ujao

Mtu anaweza kuuliza: kwani mavuno yenyewe si zawadi? Ada ya mtoto ikilipwa si zawadi? Ni kweli, ni zawadi kubwa kuliko zote. Shida ni umbali. Mpunga unaoupalilia leo utauvuna baada ya miezi, lakini mgongo unauma sasa hivi. Moyo ukipima maumivu ya leo na faida ya mbali, mara nyingi leo inashinda.

Zawadi ndogo ya papo hapo inasaidia kujaza pengo hilo. Mfano mzuri unatoka wilaya ya Udaipur, jimbo la Rajasthan, India. Watafiti walikuta kwamba watoto wengi hawakukamilisha chanjo ingawa zilitolewa bure. Katika baadhi ya vijiji waliweka kambi za chanjo za uhakika kila mwezi. Katika vingine waliweka kambi hizohizo, na mzazi akaondoka na kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, pamoja na seti ya sahani za chuma mtoto akikamilisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika vijiji visivyokuwa na mpango wowote, watoto waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Penye kambi peke yake walikuwa asilimia 18. Penye kambi na dengu walikuwa asilimia 39. Kilo ya dengu haina thamani ya kulinganishwa na uhai wa mtoto, na kila mzazi anajua hivyo. Lakini dengu zinapikwa leo jioni.

Na hapa kwetu je? Utafiti mmoja ulifanyika katika bonde letu hili, Kilombero na Ulanga, na kuchapishwa mwaka 2012. Ulihusisha zaidi ya watu 2,000, wengi wao vijana wa miaka 18 hadi 30. Walipimwa magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 4, na baadhi walipewa pesa kila walipokutwa salama. Kiwango cha juu cha zawadi kilikuwa mara mbili ya kile cha chini. Baada ya mwaka mmoja, kundi la zawadi ya juu lilikuwa na maambukizi machache kuliko wasiopewa kitu. Kundi la zawadi ya chini halikuonyesha tofauti ya maana.

Tunapata somo mara mbili hapo. Zawadi inaweza kubadilisha hata tabia ngumu. Lakini lazima iwe kitu ambacho wewe, katika hali yako, unakitamani kweli. Zawadi usiyoitamani haikusukumi.

Jinsi ya kuanza: hatua sita

Tuchukue mfano wa dada mwenye nusu ekari ya mpunga. Magugu yameanza kuota. Anajua palizi ikichelewa magugu yatakula mbolea na jua la mpunga, na mavuno yatapungua. Kila jioni anasema kesho, na kila kesho ina jambo lake. Afanye nini?

*1. Gawanya kazi iwe vipande vinavyoishia siku hiyohiyo.* "Nitapalilia shamba" ni kazi isiyo na mwisho. "Nitapalilia ngwe moja kabla jua halijawa kali" ina mwisho unaoonekana. Dada yetu anagawa nusu ekari yake katika ngwe 10.

*2. Tuza kitendo, si matokeo.* Mvua, wadudu na bei ya gunia haviko mikononi mwako. Kushika jembe saa 12 asubuhi kuko mikononi mwako. Ukijiahidi zawadi "nikipata magunia 15", ukame utakunyang'anya zawadi ambayo jasho lako liliistahili.

*3. Andika mapema zawadi gani kwa kazi gani.* Iandike kwenye karatasi, kwenye simu, au kwa mkaa nyuma ya mlango. Ukisubiri kuamua baada ya kazi, utajipunja au utajipendelea. Dada yetu ameandika: ngwe moja, chai ya tangawizi na muda wa kukaa kibarazani bila kusumbuliwa. Ngwe 5, samaki. Ngwe 10, kusukwa nywele mjini.

*4. Tenga zawadi kabla ya kuanza.* Kama ina gharama, weka pesa yake pembeni sasa. Anatia shilingi 10,000 kwenye bahasha na kumpa wifi yake aishike. Kila ngwe ikiisha anachukua 500, na zote 10 zikiisha anachukua 5,000 zilizobaki. Pesa ni zake tangu mwanzo, lakini zinamfuata kazi inapokwisha.

*5. Jipe mara moja.* Usiseme nitakunywa chai kesho. Zawadi ikichelewa, kichwa hakiioanishi na kazi. Akitoka shambani, ananawa, anakunywa.

*6. Usijipe kama hujafanya.* Hapa ndipo zawadi inapokufa, na ni udhaifu uleule wa faini: wewe ndiye mlinzi. Dawa yake ni kuchagua zawadi ambayo unaweza kuikosa bila kuumia, na kumpa mtu mwingine aishike. Asiyepalilia leo hakosi chakula, hakosi dawa, hakosi usingizi. Anakosa chai ya kibarazani tu, na kesho ipo palepale inamsubiri.

Utaona kwamba katika mpango huu hakuna adhabu. Siku aliyoshindwa ni siku isiyo na zawadi, basi. Haina matusi wala njaa.

Zawadi zisizo na gharama

Wasikilizaji wengi wanadhani zawadi ni kununua. Tulipowaomba watume ujumbe wa vitu wanavyovifurahia ambavyo havigharimu, orodha ilijaa: kuoga maji ya moto baada ya shamba, kulala nusu saa mchana, kucheza bao, kumpigia dada aliyeolewa mbali, kukaa chini ya mwembe bila mtu kukuita, kusikiliza mpira, kumkalisha mjukuu mapajani.

Kuna pia njia ya kuifunga zawadi ndani ya kazi yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliwapa watu vitabu vya kusikiliza vyenye hadithi tamu, kwa sharti kwamba kundi moja lingevisikiliza ukumbini mwa mazoezi tu. Mwanzoni kundi hilo lilikwenda mazoezini kwa asilimia 51 zaidi ya wale wasiokuwa na mpango huo. Nguvu ilipungua kadiri wiki zilivyopita, hasa baada ya likizo, lakini mwanzo ulikuwa umepatikana.

Unaweza kulifanya hili kwa redio yako. Kama kuna mchezo wa redio unaoupenda, usiusikilize ukiwa umelala kitandani. Uweke uwe wa kupukuchulia mahindi tu. Sisi tutafurahi ukitusikiliza popote, lakini ukitusikiliza huku gunia linajaa tutafurahi zaidi.

Mahali zawadi inapoharibika

Zawadi si dawa ya kila kitu, na ikitumiwa vibaya inadhuru.

*Kutuza unachokipenda tayari.* Mwaka 1973 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wiki chache baadaye, walioahidiwa cheti walichora kwa hiari yao kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua. Kama unafurahia kumwagilia bustani yako jioni, usijilipe kwa hilo. Peleka zawadi kwenye kazi unayoikwepa.

*Zawadi inayokula lengo.* Mtu anaweka akiba wiki nzima, Jumamosi anajipongeza kwa pombe ya pesa zote. Mwenye kisukari anatembea kilomita 3, anajipa soda. Zawadi lazima iwe ndogo kuliko kazi na isibomoe kile unachokijenga.

*Zawadi ya mkopo.* Ukikopa ili ujituze, umejipa adhabu ya mwezi ujao.

*Sifa zinazozidi.* Mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji. Ukijipongeza kwa ngwe moja kana kwamba umemaliza shamba, utaona kazi imeisha kabla haijaisha. Pongezi iwe ya saizi ya kipande kilichofanyika.

*Kung'ang'ania zawadi milele.* Zawadi ni kama kijiti cha kushikia mche wa nyanya. Mche ukishika nguvu unakiondoa taratibu. Ukiona unaamka bila kufikiria chai, mpango umefanya kazi yake. Anza kujituza kila baada ya ngwe mbili, halafu kila wiki, halafu acha.

Siku uliyoshindwa

Itakuja. Utaumwa, utafiwa, utachoka tu. Na hapo ndipo tabia ya zamani ya kujisema itakapogonga mlango.

Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliochelewa kujiandaa na mtihani. Waliojisamehe kwa kuchelewa walipunguza kuahirisha walipojiandaa na mtihani uliofuata. Yule mama wa vitumbua anayejisema mpaka analia anadhani machozi yanamfanya awe makini. Utafiti huu unaonyesha kwamba kujisamehe ndiko kunakoweza kumrudisha mtu kwenye kazi.

Kujisamehe hakumaanishi kusema haikuwa kitu. Maana yake ni kusema: nimeshindwa leo, najua kwa nini, kesho naanza na kipande kidogo zaidi. Kama ngwe moja imekushinda siku tatu mfululizo, hiyo ni ishara kwamba ngwe ni kubwa. Ikate nusu, na zawadi ibaki ileile.

Tuongeze neno moja la tahadhari. Kama kwa wiki mbili au zaidi hamu ya kila kitu imekwisha, hulali, huli, au unaona maisha hayana maana, hiyo si suala la zawadi wala uvivu. Inaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Mweleze mtu unayemwamini na uende kituo cha afya.

Je, faini hazifai kabisa?

Msikilizaji mmoja alituuliza swali zuri: mbona VICOBA vyetu vina faini na vinaendelea vizuri? Jibu ni kwamba faini ya VICOBA hushikwa na watu wengine. Mweka hazina anaiandika, kundi zima linaiona, na huwezi kujisamehe usiku. Tena, mliikubali wote mlipoandika katiba.

Lakini tazama vizuri kinachowarudisha wanachama kila wiki. Ni kugonga muhuri wa hisa kwenye kitabu mbele ya wenzao, ni makofi, ni vicheko vya kikao, na ni ile siku ya kugawana mwisho wa mzunguko. Faini ni ua la kuzunguka shamba. Kinachoota ndani ni zawadi. Kama unataka kutumia faini, basi itumie hivyo: iwe ndogo, ishikwe na mtu mwingine, na iwe inalinda mpango wenye zawadi ndani yake.

Swali tunalokuachia

Sisi hapa studio tulilifuta lile daftari la faini. Badala yake kikao cha asubuhi sasa kinaanza na mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi, na anayewahi anaikuta ya moto. Hatujawa malaika. Bado wapo wanaochelewa, na mwandishi wa makala haya alichelewa juzi akakuta sufuria imekauka. Lakini hakuna tena anayelipa kesho ili achelewe.

Kwa hiyo tunarudia swali lililonyamazisha simu zetu. Chagua kazi moja tu unayoikwepa, ikate kipande kinachoisha leo, na uandike mahali utakapopaona: nikimaliza hiki, nitajipa nini? Kisha kifanye, na ujipe.

Kipindi kijacho tutafungua simu kwa swali la pili peke yake. Kutoka Mang'ula hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto Malinyi na Ulanga, tunataka kusikia ulijipa nini na kazi gani iliisha. Safari hii, simu zisinyamaze.